Jibu Jekundu la Bwana Mpimaji

Bwana Mpimaji alikuwa na namna moja ya kumwangalia mtu iliyotuudhi sote. Mkitembea naye kutoka hospitalini kwenda sokoni, akapita tajiri fulani mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi inakaribia kusimama peke yake, watu wote huinuka kumpa mkono. Naye atampa mkono, atamuuliza hali ya nyumbani kwa adabu zote za Tanga, na tajiri akishapita atacheka puani. "Huyo," atasema, "namjua kuliko mkewe anavyomjua." Ukimuuliza anamjua kwa lipi, anafunga mdomo. Miaka yote niliyofanya kazi karibu naye hakunitajia hata siku moja nani ana michango na nani ana kichocho. Alikutekenya tu kwa siri, kisha akakuacha na udadisi wako.

Mimi nilikuwa nesi mgeni, binti wa Kibondei niliyeshuka kutoka Muheza na sanduku la bati, nikapewa wodi ya wanawake kwa majaribio ya mwaka mmoja. Hospitali yenyewe siitaji, maana waliokuwamo wana watoto na wajukuu. Chumba cha Bwana Mpimaji kilikuwa nyuma kabisa, kinapakana na chumba cha dobi. Ndani mlikuwa na meza, darubini moja, taa ya spiriti, safu za mirija ya kioo na dirisha. Huko ndiko kilikoishia kila kitu kilichotoka miilini mwa watu wa mji ule: damu, makohozi, mkojo, na kile kingine ambacho yeye alikiita barua. "Kwa kuwa," alisema, "huja kimefungwa, na mwenyewe hataki kisomwe mbele za watu."

Barua hizo zilikuja ndani ya viberiti. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliletwa kwa makundi kupimwa safura. Safura yenyewe hawakuiogopa. Waliogopa dawa yake, maana ukiinywa asubuhi, siku hiyo huna rafiki mwingine ila choo. Siku moja wakaja vijana watano wa kambi moja, kila mmoja na kiberiti chake kimefungwa uzi. Bwana Mpimaji akavipokea, akaingia ndani, akakaa kitambo. Alipotoka alisimama mbele ya benchi, miwani ameipandisha juu ya paji la uso.

"Haya, wanangu. Mwenye tumbo hili ni yupi kati yenu?"

Wakatazamana.

"Viberiti vitano, pilipili moja, maharage mamoja, minyoo ya ukoo mmoja. Nauliza, mnalitumia kwa zamu?"

Mmoja akaona heri aseme. "Ni la mpishi wa kambi, bwana. Tulimwona amenenepa vile, tukajua huyo ndiye mzima."

"Mkamwomba."

"Tukamwomba. Akatugawia."

"Basi mwambieni mpishi aje mwenyewe, tena upesi. Ana safura ya kuwatosha watu watano."

Kesho yake mpishi akaletwa akiwa amenuna, na wote sita wakanywa dawa siku moja. Tulisikia kambi ilikula mihogo ya kuchoma mpaka mpishi alipopata nguvu za kusimama.

Bwana Mpimaji alikuwa mtu wa swala tano, na hapo ndipo kazi yake ilipomtia taabu. Kanzu ya kuswalia aliitundika kwenye msumari chumbani kwa dobi, ndani ya mfuko mweupe, isipate hata upepo wa chumba chake. Kila adhuhuri alioga bombani kichwa hadi kidole kwa sabuni kali ya hospitali, ukaweza kumnusa kabla ya kumwona. Pamoja na hayo, msikitini Makorora, alikoishi, watu walijibana upande ili safu impe nafasi kubwa kuliko mtu mwingine yeyote.

"Wao ndio wanaoileta," alinilalamikia. "Wanaileta kwa mikono yao, wameibeba njia nzima. Halafu najisi ni mimi!"

Nikamwambia labda ni harufu ya sabuni. Alininunia siku mbili.

Harusini hakula. Angekaa kwenye mkeka, akapokea sahani ya pilau, akaisukuma taratibu kwa jirani huku akieleza habari za inzi na mahali walikotoka, hata jirani naye akashindwa kula. Lakini mtu huyohuyo nilimkuta mara nyingi Ngamiani amesimama mbele ya sinia la pweza, lililoachwa wazi kando ya barabara yenye vumbi, anachovya kipande baada ya kipande kwenye pilipili. Nilipomkumbusha inzi alinitazama kwa huruma. "Yule muuza pweza," akasema, "nimeshampima."

Wala sitasahau homa yake. Huyu ndiye aliyewachoma vidole watoto na wazee wa mji mzima akiwaambia ni kama siafu tu. Wiki moja akaonekana anatetemeka, na kila nesi aliyemkaribia na sindano alimkuta ana shughuli mahali pengine. Mwisho nikamfuma chumbani kwa dobi, amejifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini, anajifukiza.

"Bwana Mpimaji," nikamwita, "nikuletee kioo cha darubini tutoe tone moja la damu?"

"Homa yangu naijua," sauti ikatoka chini ya blanketi. "Haihitaji shahidi."

Hayo yote tulimsamehe kwa sababu ya majibu yake. Aliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye vikaratasi, herufi za mviringo zimepangwa vizuri, na madaktari waliyaamini kuliko macho yao. "Mimi sisemi mtu anaumwa," alikuwa akisema. "Kuumwa ni kazi ya daktari. Mimi nasema nilichokiona, na nilichokiona kipo." Mirija yake aliiosha mara tatu, akihesabu kwa sauti. Na sisi wa wodini alitupa amri moja tusiyoruhusiwa kuivunja: mgonjwa akileta kitu kwa chombo chake, kipelekwe kwa chombo hichohicho, kisimiminwe penginepo. Ukikosea alitoka hadi ukumbini kukutangaza. Mimi aliwahi kunitangaza kwa chupa niliyoipeleka bila kizibo, na wodi nzima ikaniita Nesi Kizibo mpaka mwezi ukaandama.

Mwaka ule daktari mkuu alimchagua kwenda Dar es Salaam kusoma, ili akirudi awe mkubwa wa wapimaji wote wa jimbo. Yeye aliyeanza kwa kukifagia chumba kilekile! Alinunua sanduku jipya na tai, na kila siku alinijia nimwambie kama fundo limekaa sawasawa. Halikukaa sawasawa hata siku moja. Nilimwambia limekaa.

Sasa nitasema nililolitenda.

Alikuwapo bibi mmoja wa Makorora mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Aliambiwa aje kesho yake kulazwa, na alete mkojo wa asubuhi. Akatangulia yeye, na nyuma akafuata mkaza mwana wake, mwanamke kijana mwenye haya nyingi, ambaye alinivuta pembeni, akatoa chini ya kanga chupa ndefu iliyozungushiwa kitambaa, akanipa huku anatazama ukutani. Nilipozibua ikanijia harufu ya asali. Shingo ya chupa ilinata, vidole vyangu vikagandana, na sisimizi wawili watatu walikuwa wanaizunguka. Ilinipasa niulize. Nami niliwaza jambo moja tu, kwamba chupa hii chafu ikifika chumba cha nyuma, nitatangazwa tena ukumbini, na safari hii jina nitakalopewa sitalivua maisha. Nikaumimina mkojo kwenye chupa safi ya hospitali, nikaandika jina la bibi, nikamrudishia yule mwanamke chupa yake.

Saa sita jibu likarudi. Upimaji wa sukari siku zile ulikuwa hivi: unatia matone ya mkojo kwenye dawa ya buluu, unachemsha juu ya taa. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikiwa nyekundu, ni nyingi. Kikaratasi kilisema: Sukari nyingi mno, nyekundu ya tofali. Daktari mkuu akatazama kikaratasi, akatazama kidonda, akaona mambo mawili yameshikana. Akaandika bibi achomwe sindano ya kushusha sukari kabla ya chakula cha jioni.

Nilifundishwa habari za dawa ile. Mwenye sukari humwokoa. Asiye na sukari inaweza kumlaza asiamke. Nikachemsha bomba na sindano, nikavuta dawa, nikaweka kwenye sinia. Sikuiunganisha asali na jibu lile. Nimeliapia hilo mara nyingi, na bado naliapia.

Bwana Mpimaji alikuwa na tabia moja. Jibu likiwa jekundu, hakutulia mpaka amwone mwenyewe. Basi alasiri ile akapiga hodi mlangoni mwa wodi, akajifanya anatafuta chupa zake, akasogea hadi kitanda cha bibi. Akauona mtungi wa maji umejaa pomoni, ilhali mwenye sukari kiu haimwishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Tangu asubuhi umekunywa maji mara ngapi?"

"Maji? Kwani mimi mchicha?"

"Na usiku waamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Bibi akajiinua kwa kiwiko. "Nalala mpaka adhana. Wewe ni nani unayeniuliza mambo hayo mbele ya watu? Huna haya!"

Bwana Mpimaji akanigeukia mimi na sinia langu. "Weka chini, mwanangu. Usimguse."

Akanipa chupa aliyoiosha mwenyewe, nikamwomba bibi mkojo mwingine, akautoa kwa matusi. Bwana Mpimaji akaondoka nao mbio, yeye ambaye hata mvua haikuwahi kumkimbiza. Aliporudi alishika mirija mitatu. Aliuchemsha mara tatu, na mara tatu ukabaki buluu kama wino wa shule. Akaenda nao moja kwa moja kwa daktari mkuu, pale pale wodini, mimi nikiwa hatua tatu kutoka kwao.

"Hakuna sukari," akasema. "Jibu la asubuhi si sahihi."

Daktari mkuu, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akauliza, "Kosa ya nani?"

Hapo ndipo asali ilipoingia akilini mwangu. Iliingia yote kwa mara moja, pamoja na sisimizi wake.

"Langu," akasema Bwana Mpimaji. "Mrija. Kabla ya mkojo huu nilipima wa mtu mwenye sukari ya kweli. Bila shaka sikuuosha vizuri."

"Wewe nasema siku zote naosha mara tatu."

"Nasema hivyo, bwana. Leo lazima nilikosea hesabu."

Nilifungua mdomo. Ilibaki miezi mitatu majaribio yangu yaishe, na nyumbani Muheza walishatangaza kwamba binti yao ni nesi. Nikaufunga. Wiki iliyofuata daktari mkuu alifuta jina la Bwana Mpimaji, akapelekwa Dar es Salaam kijana mmoja kutoka hospitali nyingine. Tai sikuiona tena.

Siku mbili baada ya kisa, yule mkaza mwana alikuja kumtazama bibi. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini alitumia chupa ya asali bila kuiosha. Alijifunika uso kwa kanga.

"Dada nesi, ningepitaje? Baba mkwe hukaa barazani tangu alfajiri, na mimi nipite mbele yake nimebeba mkojo wa mkewe? Nikasema, nitautia kwenye chupa ya asali, na asali kidogo nitaiacha ndani na mdomoni, anayeona aone asali, anayenusa anuse asali."

"Akakuona?"

"Akaniona. Akaniuliza, 'Hiyo asali wampelekea nani?' Nikasema, mama. Akasema, 'Nionjeshe kidogo, kifua kimenibana.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia imesomewa, baba, ni ya mgonjwa peke yake, mzima akiionja inamdhuru. Akasema, 'Basi, basi, ipeleke.'"

Wallahi nilicheka mpaka nikashika benchi. Kisha kicheko kikageuka, nikajikuta nalia, na mwanamke wa watu akadhani nalia kwa ajili yake. Akanishika mikono. "Nisitiri, dada. Baba mkwe akijua alichotaka kuonja, mimi nitaishi wapi?" Nikamwahidi. Ahadi ile ilikuwa ya heshima, nami nikajificha nyuma yake miaka mingi, ingawa ningeweza kabisa kumweleza mtu mmoja bila kumtaja mwanamke wala nyumba yake.

Bwana Mpimaji akaanza kuosha mirija mara tano, baadaye mara saba. Kila mmoja aliuinua dirishani, akaugeuza, akaurudisha majini. Kila mwanafunzi aliyeletwa kwake alianza kwa kumsimulia. "Mimi mnayeniona hapa," alisema, "nusura nimuue bibi wa watu kwa mrija mchafu." Nilikisikia kisa hicho mara nyingi, nikipita na chupa zangu. Bado alicheka, bado alimsengenya tajiri bila kumsengenya. Lakini sikumsikia tena akisema kwamba alichokiona kipo.

Miaka saba ilipita. Mimi nilishakuwa nesi kamili, na yeye aliacha kazi akarudi kwao Moa. Ulipokuja mpango wa kuchanja ndui vijiji vya pwani hadi mpakani, nikaomba nipangwe upande huo. Tulimaliza kuchanja mapema, nikaulizia nyumba yake, nikaelekezwa.

Nilimkuta uani anafua nazi. Mwili umepungua, mikono bado ina nguvu. Anaipigilia nazi kwenye kifuo, anaizungusha, makumbi yanaachia.

"Shikamoo, Bwana Mpimaji."

"Marahaba! Nesi Kizibo! Bado hujaolewa, au wamekuogopa?"

Tukacheka, tukaulizana habari, mkewe akaniletea maji na kiti. Nilikunywa maji yote. Kisha nikamweleza, bila kumtaja mwanamke wala nyumba. Nilimweleza chupa, kunata kwake, kumimina kwangu, na siku ile nilivyosimama na sinia mkononi nikamsikia akiyachukua makosa.

Alibaki ameshika nazi juu ya kifuo. "Shingo ilinata?"

"Ilinata."

"Na sisimizi walikuwapo?"

"Walikuwapo."

"Kwa hiyo mkojo ulipokuja kwangu ulikuwa na asali ndani yake."

"Ulikuwa nayo."

Niliinamisha kichwa kungoja matusi. Alichofanya ni kuidondosha nazi, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Mama! Mama we, njoo! Sukari ilikuwamo! Ile siku ya bibi wa Makorora! Dawa ilisema kweli, mrija ulikuwa safi, na mimi nilihesabu sawasawa! Moja, mbili, tatu!" Alikuwa amesimama katikati ya makumbi, machozi yanamtiririka, anahesabu kwa vidole. "Sikukosea! Nilikiona, na kilikuwapo!"

Mkewe alitoka jikoni, unga umemjaa mikononi. Alimtazama mumewe, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Bwana Mpimaji alinisimulisha kisa mara nne, kila mara akinisimamisha kwenye sisimizi. Niliona haya kwa furaha ile, ningependelea anipige. Nilingoja aniulize kwa nini nilinyamaza, na jibu nililiandaa njia nzima kutoka Tanga. Hakuniuliza. Nadhani halikumpitia hata akilini. Alikuwa na habari kubwa kuliko mimi.

Gari la hospitali lilipopiga honi, mkewe alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea nazi sita kwenye pakacha. Karibu na gari akasema, "Vikombe vyangu vya chai huviosha mara saba. Nikimpokonya, hungoja nilale, akaamka akaviosha tena. Nilidhani ni uzee."

"Nisamehe, mama."

"Uliijua habari hii tangu siku ileile?"

"Tangu siku ileile."

Akaliweka pakacha ndani ya gari, akazipanga nazi zisigongane njiani. Akanipa mkono, akaniombea safari njema, akaniambia niwasalimie nyumbani. Yote aliyasema kwa adabu kamili, kama wasemavyo watu wa pwani wanapomuaga mgeni. Karibu tena, hakusema.